SOMO LA UDONGO: SAMADI HUPITIA WAPI KABLA YA KUUFIKIA MMEA?



Masomo tuliyozoea katika ukurasa huu ni yale ya leja, mizania, hisa na wajibu wa Bodi. Somo la leo linahusu mahesabu ya namna nyingine, ambayo hayaandikwi na karani yeyote, nayo hufanyika usiku na mchana katika shamba la kila mwanachama. Nimelazimika kuliandika kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe, na ni haki nianze na kosa hilo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua chama kimoja cha msingi katika Wilaya ya Ruangwa. Baada ya kazi ya vitabu, wajumbe wa Bodi walinionyesha eka moja ya shamba la mfano, ambayo walitaka kuilima mahindi bila mbolea ya viwandani kwa kuwa fedha za chama zilikuwa chache. Mabua ya mahindi na ya ufuta yalikuwa yamekusanywa tayari kwa moto. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba kuchoma mabaki ni kuteketeza rutuba. Nikawaambia wasiyachome, bali wayakatekate, wayafukie kwa jembe mvua zitakapoanza, kisha wapande papo hapo. Waliniamini, wakafanya hivyo.

Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, kisha yakageuka manjano. Jirani, ambaye alichoma mabua yake kama alivyofanya miaka yote, alikuwa na mahindi ya kijani. Mavuno ya eka ya chama hayakufika nusu ya mavuno ya jirani huyo. Katika mkutano mkuu uliofuata, mzee mmoja alisimama akiwa ameshika bua jembamba alilolihifadhi tangu shambani. Akasema, "Ndugu Mkaguzi, kazi yako ni kukagua vitabu. Kikague na hiki, utuambie mali yetu imeishia wapi."

Hakuna aliyecheka. Sikuwa na jibu. Mkutano uliazimia kurudia moto, na azimio hilo likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu.

Nilipokwenda kwa Bwana Shamba, na baadaye kusoma zaidi, ndipo nilipotambua kwamba swali la mzee wetu lilikuwa swali la ukaguzi hasa: mali imeingia, mali haionekani, imekwenda wapi? Somo hili ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

1. WALAJI WA KWANZA

Mkulima husema, "Nimeyapa mahindi samadi." Usemi huo unafaa kwa mazungumzo, lakini si sahihi. Mzizi hauna meno wala tumbo. Hunyonya tu vitu vilivyoyeyuka katika maji ya udongo. Samadi ya mbuzi, jani la mbaazi na bua la mahindi havijayeyuka. Naitrojeni iliyomo imefungwa ndani yake kama fedha ndani ya kasha. Wenye ufunguo wa kasha hilo ni vijidudu vya udongoni.

Vijidudu hivyo ni vingi kupita hesabu zetu. Katika gramu moja ya udongo wenye rutuba, yaani pungufu ya robo kijiko cha chai, panaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja. Pamoja nao wapo kuvu, ambao baadhi yao huonekana kwa macho: ukifunua majani yanayooza chini ya mkorosho wakati wa mvua utaona nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa kila upande. Hao ni kuvu wakiwa kazini. Kuna pia protozoa na minyoo midogo sana, ambao huwala bakteria na kuvu. Wadudu wakubwa kidogo, kama mchwa na jongoo, hutangulia kwa kukatakata mabaki ili vijidudu vipate pa kushika.

Kazi huenda kwa hatua. Kwanza vijidudu huvunjavunja protini za samadi na majani, na hapo hutoka amonia, ile harufu kali tunayoikuta katika banda la kuku lililofungwa. Kisha kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, na kundi lingine huigeuza naitraiti hiyo kuwa naitreti. Naitreti huyeyuka upesi majini, na mimea mingi huinyonya kwa urahisi. Makundi haya ya mwisho yanahitaji hewa na unyevu wa kiasi. Udongo ukijaa maji siku nyingi, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa hewa, ikatoroka. Udongo ukiwa mkavu kabisa, kazi karibu yote husimama.

Jambo la kushika katika sehemu hii ni moja: vijidudu ndio walaji wa kwanza. Mmea hupata kile wanachokibakisha, au kile kinachotoka wanapokufa na kuliwa.

2. HESABU YA KABONI NA NAITROJENI

Sasa tufanye ukaguzi wa eka ile ya Ruangwa. Katibu yeyote anayejua kugawanya na kutoa anaweza kuufuata.

Kila kitu kilichooteshwa na shamba kina kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachobaki tukichoma mkaa. Kaboni ni chakula cha vijidudu, cha kuwapa nguvu na cha kujengea miili. Katika kila kilo tatu za kaboni wanazokula, kwa makadirio, kilo mbili hupumuliwa zikatoka kama hewa ya ukaa, na kilo moja hubaki kuwa miili yao. Lakini mwili haujengwi kwa kaboni peke yake. Kwa kila kilo nane za kaboni mwilini, vijidudu vinahitaji takriban kilo moja ya naitrojeni.

Kwa hiyo kilo 24 za kaboni zikiliwa, kilo 8 zinakuwa miili, na miili hiyo inadai kilo 1 ya naitrojeni. Hiki ndicho kipimo chetu: 24 kwa 1. Chakula chenye kaboni nyingi kuliko hapo kinawaacha vijidudu na upungufu wa naitrojeni. Chakula chenye kaboni kidogo kuliko hapo kinawaachia ziada.

Tuchukue mfano wa mabaki yenye kilo 240 za kaboni. Vijidudu watadai kilo 10 za naitrojeni.

(a) Mabua ya mahindi yaliyokauka huwa na uwiano wa 60 kwa 1 au zaidi. Kilo 240 za kaboni zitaleta kilo 4 tu za naitrojeni. Upungufu ni kilo 6.

(b) Samadi ya mbuzi iliyokaa vizuri inaweza kuwa na uwiano wa karibu 20 kwa 1. Italeta kilo 12. Ziada ni kilo 2.

(c) Majani mabichi ya mbaazi tuyape uwiano wa 16 kwa 1. Yataleta kilo 15. Ziada ni kilo 5.

Upungufu wa kilo 6 katika (a) unalipwa na nani? Unalipwa na udongo. Vijidudu hunyonya naitrojeni iliyokuwa imeyeyuka tayari, ileile ambayo mche wa mahindi ulikuwa unaitegemea, na katika mashindano hayo mche hushindwa, kwa kuwa wao ni wengi na wako kila mahali. Majani ya chini ya mahindi huanza kuwa manjano kuanzia ncha, maana mmea unahamisha naitrojeni yake kutoka majani ya zamani ili kuyaokoa machanga. Ndivyo ilivyokuwa katika eka ile. Nilikuwa nimewaambia wanachama waandae karamu kubwa ya vijidudu katika wiki zilezile ambazo mahindi yalikuwa yanahitaji chakula. Mabua ya ufuta, ambayo ni magumu zaidi, yaliongeza deni.

3. MALI HAIKUIBWA, IPO GHALANI

Naitrojeni ile haikupotea. Ilikuwa ndani ya miili ya vijidudu. Wanachama wetu wa korosho, ufuta na mbaazi wanajua jambo la kufanana na hili. Mazao yakishapokelewa ghalani kwa stakabadhi, hayamo tena mikononi mwa mkulima, na fedha bado haijaingia mfukoni mwake. Hata hivyo hakuna aliyenyang'anywa, yanangoja mnada.

Katika udongo, malipo hufika chakula chenye kaboni nyingi kinapopungua. Vijidudu wengine hufa kwa njaa, na walio hai huwala. Protozoa na minyoo midogo huwameza bakteria, na kwa kuwa bakteria wana naitrojeni nyingi kuliko wanayoihitaji wale walaji, ziada hutolewa nje kama amonia. Hapo mzizi uliopo karibu hupata sehemu yake. Kwa mabua yaliyofukiwa, kungoja huko kunaweza kuchukua wiki nyingi. Mahindi hayawezi kungoja.

Tofauti moja na ghala letu ikumbukwe: ghala la udongo halitoi stakabadhi wala halitangazi tarehe ya malipo. Mkulima lazima aijue mwenyewe, kwa kuchagua anachokiweka na wakati wa kukiweka.

4. MVUA ZA KWANZA: UTAFITI WA MUGUGA

Kuhusu wakati, Afrika Mashariki ina utafiti wake yenyewe unaojulikana duniani kote. Katika miaka ya 1950 mtafiti H. F. Birch alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, Kenya. Alichukua udongo, akaukausha, akaulowesha tena, na kupima. Mwaka 1958 alichapisha matokeo yake: udongo uliokauka unapoloweshwa, vijidudu huamka kwa kishindo, hewa ya ukaa hutoka kwa wingi, na naitrojeni inayoweza kunyonywa na mmea huongezeka ghafla. Baada ya siku chache kasi hiyo hupungua. Wanasayansi hadi leo huliita tukio hilo kwa jina lake.

Sababu mojawapo ni hii: kiangazi huua sehemu ya vijidudu, na maji yanaporudi, waliosalia huila miili ya wenzao pamoja na vitu vingine vilivyolainishwa na ukame. Naitrojeni ya ghala la mwaka jana hulipwa kwa mkupuo.

Nachingwea na Ruangwa zina kiangazi kirefu na msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Malipo hayo ya mkupuo hufanyika hapa kila mwaka. Anayepanda mara mvua zinaposhika hukuta mali mezani. Anayechelewa wiki tatu, hasa katika udongo wa kichanga, hukuta sehemu kubwa ya naitreti imesukumwa chini na mvua, mahali ambapo mizizi michanga haiwezi kufika. Wazee wetu walisisitiza kupanda mapema, na hapa tunaona mojawapo ya sababu.

5. FUNZO LA KARANGA

Wilaya ya Nachingwea ina kumbukumbu yake kuhusu kilimo cha haraka. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwenye maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kufyekwa zaidi ya eka milioni tatu. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mpango huo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara iliyofutwa ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo baadaye ilifungwa na kung'olewa.

Sisemi kwamba ulianguka kwa sababu ya vijidudu. Mvua zisizotabirika, mashine zilizochakaa na pupa ya wapangaji vyote vilichangia. Lakini ni jambo lililokubaliwa na wengi kwamba udongo haukuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Kule Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mashine zilitangulia, na udongo ukachunguzwa nyuma yake. Nami nilifanya kosa la jamii hiyohiyo kwa eka moja.

Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Karanga, kunde, choroko na mbaazi ni mimea yenye ubia wa pekee na bakteria. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini hakuna mmea unaoweza kuitumia katika hali hiyo. Bakteria wa mizizi ya jamii ya kunde wanaweza kuikamata. Huingia mzizini, mmea ukawajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao huulipa naitrojeni. Ni ushirika kamili: kila upande una hisa yake na kila upande una gawio lake.

Mwanachama anaweza kuukagua ushirika huo mwenyewe. Mmea unapoanza kutoa maua, auchimbe polepole kwa jembe, asiung'oe, kisha apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya wekundu ndani kama nyama, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijani, kazi haijaanza au imekoma.

Lakini sehemu kubwa ya gawio hilo huenda katika punje, nasi huiuza. Kinachobaki shambani ni majani, mashina na mizizi. Karanga zinapong'olewa na mashina yake kupelekwa nyumbani, kisha mabaki yakachomwa uani, shamba limefanyiwa kazi bila kulipwa. Mashina hayo yarudishwe shambani, au walishwe mbuzi na samadi irudi. Mbaazi ni bora katika jambo hili kwa kuwa hupukutisha majani yake palepale iliposimama. Wengi wetu tunakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo na bei ikaanguka vibaya. Wapo waliong'oa mbaazi kwa hasira, na hasira yao naielewa. Lakini katika hesabu ya shamba, majani yaliyopukutika mwaka huo yalikuwa na thamani ileile ya mwaka wa bei nzuri.

6. MIKOROSHO NA SALFA

Vijidudu havijui nia ya mkulima. Huila salfa yetu kama wanavyoila samadi yetu, na hapa matokeo si yaleyale.

Ubwiri unga ulipoanza kuonekana katika mikorosho nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuta zao limekwisha kudhoofika kwa sababu nyingine pia. Mavuno ya nchi, yaliyofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Unga wa salfa ulikuwa miongoni mwa silaha zilizolirudisha zao hilo, na bado ni kinga inayotumika. Lakini unga mwingi hauishii kwenye maua; huanguka chini. Mvua zinapokuja, bakteria wa udongo huigeuza salfa hiyo kuwa tindikali.

Watafiti wa Naliendele, kituo kinachojulikana leo kama TARI Naliendele, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walilichunguza jambo hili katika mashamba ya mikorosho ya kusini-mashariki mwa nchi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Salfa huongeza uchachu wa udongo, na udongo wa kichanga wenye mboji kidogo ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kuuhimili. Udongo ukichacha mno, bakteria wanaotengeneza naitreti hupunguza kazi, na wale wa vinundu hushindwa kuishi vizuri. Mwanachama anayepanda karanga au mahindi kati ya mikorosho iliyopuliziwa salfa miaka mingi anaweza kulaumu mbegu, kumbe ni uchachu.

Hesabu yake ni hii: kila kilo 1 ya salfa iliyogeuzwa yote kuwa tindikali huhitaji takriban kilo 3 za chokaa ya kilimo ili kuituliza. Kwa mfuko wa kilo 25 ni kiasi cha kilo 75 za chokaa. Simwambii mwanachama aache salfa, maana ubwiri unga hautamhurumia. Namwambia afuate kipimo na ratiba ya wataalamu, asipulizie kwa hofu zaidi ya inavyotakiwa, aombe udongo upimwe uchachu, na arudishe mboji chini ya miti. Mabibo yanayooza, majani na palizi visifagiliwe na kuchomwa. Mboji huongeza uwezo wa udongo kuvumilia tindikali.

7. MOTO UNA HESABU YAKE

Kwa nini mahindi ya jirani aliyechoma yalikuwa mazuri? Lazima tujibu kwa haki, la sivyo hatutaaminiwa. Majivu yana potasiamu, kalisi na fosforasi ambayo imekwisha kufunguliwa, na hupunguza uchachu. Tena, mabua yaliyoungua hayawapi vijidudu kaboni ya kugombania, kwa hiyo naitrojeni ya mvua za kwanza inabaki kwa mahindi. Jirani alivuna fedha taslimu.

Lakini karibu naitrojeni yote ya mabua, pamoja na kaboni yake, iliondoka na moshi. Mvua kubwa huchukua sehemu ya majivu. Mwaka hadi mwaka vijidudu hupungukiwa na chakula, mboji hupungua, na udongo hushika maji kidogo zaidi. Kuchoma ni kulipa matumizi ya kawaida kwa kuuza mali ya kudumu. Mkaguzi akiona hivyo katika mizania ya chama huandika kwa wino mwekundu, hata kama mwaka huo wanachama wamegawana fedha nzuri.

8. NJIA TATU ZA KUFUATA

Kwanza, mabua makavu yasifukiwe wakati wa kupanda. Yalazwe juu ya ardhi kati ya mistari kama matandazo. Yakiwa juu, vijidudu huyagusa upande wa chini tu, huyaoza polepole, na hayanyang'anyi mahindi chakula chao kwa kiasi kikubwa. Pia huhifadhi unyevu.

Pili, tutengeneze mboji kabla ya msimu, ili karamu ya vijidudu ifanyike nje ya shamba. Kazi hii ianze Machi au Aprili, wakati majani mabichi ni mengi na mvua bado ipo, ili kina mama wasiongezewe ndoo za maji kichwani wakati wa kiangazi. Chagua kivuli. Tandaza mabua makavu yaliyokatwa urefu wa shibiri moja, juu yake majani mabichi ya mbaazi, kunde au magugu yasiyo na mbegu, kisha samadi ya mbuzi au kuku, na udongo kidogo wa juu. Rudia hadi lundo lifike kama mita moja na nusu, ulifunike kwa nyasi. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku tano kichomoe: kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea; kikiwa kikavu, ongeza maji; kikinuka vibaya, hewa ni kidogo, geuza lundo. Geuza kila baada ya wiki tatu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, haina joto, inanukia kama udongo wa msituni, na bua halitambulikani tena. Ifunike dhidi ya jua na mvua, uitie mashimoni mvua za kwanza zinapokaribia.

Tatu, tuchanganye au tupokezane mazao: mbaazi pamoja na mahindi, karanga au kunde kabla ya ufuta, na mabaki yake yote yabaki shambani.

9. KAZI YA CHAMA

Nawaomba Makatibu wasilisome somo hili tu mkutanoni na kulifungia kabatini. Kila chama chenye shamba la mfano kigawe eneo dogo katika vipande vinne vinavyolingana, vyenye mbegu moja na siku moja ya kupanda: (1) mabua yamechomwa, (2) mabua yamefukiwa, (3) mabua yamelazwa juu, (4) mboji iliyoiva. Katibu afungue ukurasa katika daftari, aandike tarehe ya mvua, ya kupanda, rangi ya majani katika wiki ya nne na ya saba, na uzito wa mavuno kwa mizani ya chama. Jaribio liendelee kwa misimu mitatu, maana mwaka wa kwanza moto unaweza kuonekana mshindi, na ni lazima wanachama waone yanayofuata.

Nimekirudia kile chama cha Ruangwa na kueleza haya yote mbele ya mkutano. Mzee yule bado yupo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama safari hii nimekagua kwanza au nitakagua baadaye. Wamekubali vipande vinne, kwa sharti lake kwamba mbegu ya kipande cha pili, kile cha mabua yaliyofukiwa, niinunue mimi. Nimeinunua.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Kwa nini mabua mengi yakifukiwa siku ya kupanda huweza kuyafanya mahindi kuwa manjano, ilhali mabua yenyewe yana naitrojeni?

2. Mabaki yenye kilo 120 za kaboni yana kilo 3 za naitrojeni. Je, yataacha ziada au upungufu, na kwa kiasi gani?

3. Ni naitrojeni gani hupatikana kwa wingi mvua za kwanza zinaponyesha, na anayechelewa kupanda hupoteza nini?

4. Chama chenu kiligawa mifuko mingapi ya salfa msimu uliopita? Kama yote ingegeuka tindikali, zingehitajika kilo ngapi za chokaa?

5. Mashina ya karanga katika kijiji chenu huishia wapi? Nani anafaidika?